Barafu ya Mungu au barafu ya mwenye duka?

Mteja anateleza kwenye maegesho ya duka na kuvunjika nyonga. Anapofungua kesi, wakili wa duka anauliza swali ambalo ukilisikia mara ya kwanza utadhani ni utani: hiyo barafu ilijileta yenyewe, au kuna mtu aliisababisha?

Huko Massachusetts, jimbo la Marekani, swali hilo liliamua kesi za namna hii tangu karne ya 19. Hukumu ya mwaka 1883 iliweka msimamo kwamba theluji iliyoshuka na kuganda yenyewe si mzigo wa mwenye jengo. Kisha Desemba 2002 mteja wa duka kubwa la Target, katika mji wa Danvers jimboni humo, aliteleza kwenye kipande cha barafu kilichogandia lami. Theluji ilikuwa imeshasukumwa na kurundikwa kwenye tuta la katikati ya maegesho. Je, kipande kile kiliporomoka kutoka kwenye rundo, au rundo liliyeyuka, maji yakatiririka, kisha yakaganda upya? Jaji wa kwanza alisema vyovyote iwavyo hiyo ni barafu ya asili, akaitupa kesi. Mwaka 2010 mahakama ya juu kabisa ya jimbo ilifuta tofauti hiyo kati ya barafu ya asili na ya kusababishwa na mtu, na kuirudisha kesi isikilizwe. Tangu hapo mwenye eneo anatakiwa kuchukua uangalifu wa kawaida, kama ambavyo angefanya kwa ngazi iliyobomoka.

Naona mahakama ilifanya sawa. Chini ya kanuni ya zamani, aliyekaa ndani akinywa kahawa alikuwa salama zaidi kuliko aliyetoka na beleshi, kwa sababu huyu wa pili akifanya kazi nusunusu angeweza kuambiwa kwamba barafu sasa ni yake. Sheria gani hiyo inayomlinda mvivu?

Jimbo la Ohio bado wameishikilia kanuni hiyo ya zamani. Hoja yao ni kwamba anayeishi huko anaijua baridi ya huko, basi aangalie anapokanyaga. Hoja ina uzito kwa aliyezaliwa Cleveland, mji wa huko huko. Lakini Columbus, mji mwingine wa Ohio, wapo Wakongo waliofika na Kiswahili chao kutoka kambi za wakimbizi kama Nyarugusu, Kigoma. Huwezi kumwambia mtu wa namna hiyo, katika Januari yake ya kwanza, kwamba alipaswa kujua kuwa lami nyeusi inayong'aa asubuhi si lami iliyolowa maji. Barafu ile ni nyembamba, haina rangi. Hata wenyeji huanguka.

Hata hivyo wenye maduka nao wana la kusema. Theluji ikiendelea kudondoka, unasafisha hapa, nyuma yako pamejaa tena. New Jersey walilitambua hilo mwaka 2021: mwenye jengo la biashara, kwa kawaida, halazimiki kuanza kusafisha kabla theluji haijakoma. Hilo nalikubali bila shida.

Hoja yao nzito zaidi, kwangu, ni chumvi. Mkandarasi wa kusafisha theluji anayeogopa kushtakiwa humwaga chumvi ya kuyeyushia barafu kama anayelisha kuku, hata baridi ikiwa chini ya nyuzi -9 za Selsiasi, ambapo chumvi ya kawaida haifanyi kazi vizuri. Ikiyeyuka inaingia mitoni na visimani, na kuitoa humo ni kazi kubwa na ghali. Idara ya mazingira ya Minnesota inasema kijiko kimoja cha chai cha chumvi kinatosha kuchafua galoni 5 za maji. Ndiyo maana New Hampshire, tangu 2013, wanampa kinga fulani ya kisheria mkandarasi aliyefuzu mafunzo ya kutumia chumvi kwa kiasi. Nadhani hapo wamepata njia: anayelindwa ni aliyefanya kazi yake vizuri.

Tena kushitaki si kulipwa. Massachusetts, kosa la aliyeanguka likizidi asilimia 50, hapati kitu, na mawakili wa bima huanza na viatu: soli ilikuwaje, alikuwa anatazama simu? Pia anatakiwa kumpa mwenye eneo taarifa ya maandishi ndani ya siku 30, ingawa kuchelewa hakuui kesi kama mwenye eneo hakuathirika. Ontario, Kanada, ni siku 60 tangu Januari 2021. Wenye maduka wanasema muda huo ni wa haki, maana barafu ya saa mbili asubuhi saa sita mchana ni dimbwi, na shahidi ameshaenda zake. Aliyelala na chuma kwenye nyonga, barua zote zikimjia kwa Kiingereza, anazihesabu siku hizo kwa namna nyingine.