Ukuta Mfupi wa Kaskazini: Vastu na Ukingo wa Paa

Kwa miaka miwili nilipanga chumba katika ghorofa ya juu ya nyumba moja mjini Ahmedabad, jimbo la Gujarat, nilipokuwa nikisomea uchoraji wa ramani za majengo, na mlango wa chumba hicho ulifunguka moja kwa moja kwenye paa la zege. Ukuta wa ukingo wa paa hilo, ule ambao mafundi wetu huuita parapeti, haukuwa na kimo kimoja. Upande wa kusini na wa magharibi ulinifika kifuani. Wa mashariki ulishuka hadi mapajani. Na wa kaskazini uliishia magotini, kiasi cha mtu kuweza kuukalia kama baraza. Nilidhani matofali yaliwaishia. Mwenye nyumba, mzee niliyemwita Kaka (neno ambalo kwa Kigujarati humaanisha baba mdogo, nami lilinichukua muda kulizoea), alicheka, akaniambia kuwa ukuta ule ulipimwa kwa kamba kabla ya kujengwa, tofali kwa tofali.

Kanuni aliyoifuata ni ya Vastu Shastra, elimu ya kale ya Wahindu inayopanga nyumba kwa kufuata pande za dunia. Kiwanja hugawanywa katika miraba, mara nyingi 81, na juu ya miraba hiyo husadikiwa kuwa amelala Purusha, kiumbe aliyekandamizwa chini na miungu, kichwa chake kikiwa kaskazini-mashariki na miguu yake kusini-magharibi. Pembe ya kichwa huitwa Ishanya, nayo hutakiwa iwe nyepesi, wazi na ya chini. Pembe ya miguu huitwa Nairutya, na huko ndiko uzito unakotakiwa kukaa. Ukipeleka wazo hilo hadi juu ya paa, mengine yote yanafuata: kuta za kusini na magharibi zizidi zile za kaskazini na mashariki, tenki la maji na chumba cha ngazi vikae upande wa Nairutya, na sakafu ya paa iteremke kidogo kuelekea Ishanya ili maji ya mvua yatokee huko.

Maandiko ya Kisanskriti yanayosimamia elimu hii yaliandikwa karne nyingi kabla ya slabu ya zege na tenki la plastiki kuwapo. Kule Kerala, ambako mafundi wana mapokeo yao ya Vastu yenye nguvu hadi leo, nyumba za jadi zina mapaa ya vigae yenye mteremko mkali, yasiyo na ukingo wowote wa kujadiliwa. Kwa hiyo vipimo vya parapeti vinavyotolewa na washauri wa siku hizi ni tafsiri yao ya kanuni ya uzito na wepesi. Si kosa kutafsiri, lakini tafsiri haistahili kupewa hadhi ya andiko lenyewe.

Linalonikera zaidi ni desturi ya kuivika kanuni hii joho la sayansi. Utaambiwa, na wahandisi wakiwamo, kwamba wahenga waliinua ukuta wa kusini ili kulikinga paa na jua kali. Chukua kalamu upige hesabu. Ahmedabad iko takribani nyuzi 23 kaskazini mwa ikweta. Mwanzoni mwa Mei, wakati joto la mchana linapopita nyuzi 40, jua la adhuhuri linakaribia utosini, na ukuta wa kusini wenye kimo cha mita 1.3 hutoa kivuli kisichofika hata sentimita 20. Mwishoni mwa Desemba, jua hilohilo la adhuhuri halipandi zaidi ya nyuzi 44 hivi, na ukuta uleule unatupa kivuli kinachopita mita 1.3. Maana yake ni kwamba ukuta huo haukusaidii unapoungua, na unakuzibia jua katika majira ambayo watu wa kaskazini mwa India hupanda juu ya paa kwa makusudi ya kuliota. Anayetaka kufunga paneli za umeme wa jua ana taabu kubwa zaidi, kwa kuwa huko paneli huelekezwa kusini.

Ukuta wa magharibi una utetezi wa kweli, maana jua la alasiri hushuka upande huo na kivuli chake hurefuka haraka. Tena pepo za mvua za Gujarat huja kutoka kusini-magharibi kuanzia Juni hadi Septemba, kwa hiyo ukuta mrefu wa pande hizo mbili hupokea mvua ya kupiga kabla haijafika mlangoni pa ngazi. Nilikaa nyuma ya ukuta huo jioni nyingi za Julai, miguu mikavu, nikisikiliza maji yakikimbilia pembe ya pili.

Na hayo maji ndiyo yanayonifanya nisiidharau Vastu. Katika mji mkongwe wa Ahmedabad, uliotangazwa kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2017, nyumba nyingi za pol, yaani mitaa ya jadi yenye nyumba zilizosongamana, zina kisima kilichochimbwa chini ya ua, kiitwacho tanka, ambacho hujazwa na mvua ya paani. Ukingo wa paa kama hilo una kazi mbili: kumzuia mtu asianguke, na kuyaongoza maji yasimwagikie kwa jirani. Mji ule hupata takribani milimita 800 za mvua kwa mwaka, karibu zote katika miezi minne, na fundi asiyejua maji yatokee pembe ipi atajenga nyumba yenye kiu miezi minane. Kanuni inayompa kila fundi mteremko ule ule na pembe ile ile ni ya manufaa, hata kama sababu anayopewa ni kichwa cha Purusha.

Sasa nirudi kwenye ukuta wa magotini. Tarehe 14 Januari ni Uttarayan, sikukuu ya tiara, na siku hiyo Ahmedabad nzima huhamia juu ya mapaa. Upepo wa msimu huo huvuma zaidi kutoka kaskazini na kaskazini-mashariki, ndugu yake huu wetu wa kaskazi, uliokuwa ukileta majahazi ya Gujarat hadi Unguja. Tiara hupeperuka kuelekea kusini-magharibi, kijana huitazama huko macho yakiwa juu, na anapovuta uzi hurudi kinyumenyume kuelekea kaskazini-mashariki, yaani kuelekea pembe ambayo ukuta wake ni mfupi kuliko zote. Nilimwona mjukuu wa Kaka, mtoto wa miaka tisa, akirudi hivyo hadi kisigino chake kikagonga tofali. Aliketi tu juu ya ukuta, akaendelea kuvuta uzi. Babu yake, aliyekuwa akimenya njugu pembeni, hakusema neno, ila njugu zilimwagika zote. Kila mwaka hospitali za Gujarat hupokea watu walioanguka kutoka mapaani siku hiyo.

Kanuni za ujenzi za India zinataka ukingo wa paa usipungue mita moja, na kwa maoni yangu hapo ndipo mjadala wa Vastu unapopaswa kuanzia: ukuta mfupi kuliko zote uanzie kwenye mita hiyo, kisha mwenye imani aongeze kusini na magharibi apendavyo. Hata Wahindu wa Dar es Salaam waliobeba kanuni hii ng'ambo ya ikweta wangeweza kuifuata hivyo bila hofu, ingawa jua la adhuhuri la huku hukaa upande wa kaskazini tangu Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba, na yeyote atakayewaambia kuwa ukuta wa kusini unawaletea kivuli atakuwa hajatoka nje kutazama.

Juma lililofuata Kaka alimwita fundi. Alikataa katakata ukuta wa kaskazini ulingane na wa kusini, nami sikumbishia. Kaskazini na mashariki ziliinuliwa hadi mita 1.1 kwa matofali yenye matundu ili pembe ya Ishanya ibaki wazi kwa hewa na mwanga, na kusini na magharibi, zilizokuwa tayari na mita 1.3, hazikuguswa. Tofauti iliyobaki ni kama shibiri moja. Mzee aliipima kwa kamba ileile, akakunja kamba, akatuma chai iletwe.