Meli Kuukuu kwa Safari ya Familia: Kukutana au Kutawanyika

Mwaka 1988, Sovereign of the Seas ilipoanza kubeba watalii, hapakuwa na meli ya abiria iliyoizidi kwa ukubwa. Ilikuwa na urefu wa mita 268 na tani za ujazo 73,000 na ushei. Mwaka 2020 ilipandishwa ufukweni Aliağa, Uturuki, ikakatwakatwa kuwa vyuma chakavu, na kufikia hapo watu walikuwa wameshazoea kuiita meli ndogo. Yenyewe haikupungua hata sentimita moja, ila wenzake walizidi kurefuka. Icon of the Seas, iliyoanza kazi Januari 2024, ina tani karibu 250,000 na ikijaa kabisa inabeba abiria 7,600. Titanic, ambayo hadi leo watu huitaja kama mfano wa ukubwa, ilikuwa na tani 46,000 tu.

Nimeanzia huko kwa sababu neno "ndogo" linawapotosha wengi wanapotafuta safari ya familia. Meli zinazouzwa kwa nauli nafuu, zile za miaka ya 1990 zenye abiria 2,000 hivi, si mashua. Mbebe mtoto aliyelala kutoka sitaha ya bwawa hadi chumbani wakati lifti zimejaa watu wa chakula cha jioni, ndipo utajua. Tena tani hizi za ujazo si uzito, ni kipimo cha nafasi iliyofungiwa ndani ya meli. Tutazihitaji mbele kidogo.

Wanaopenda meli mpya wanasema mtoto hawezi kukaa siku saba mahali pasipo na mitelezo ya maji, ukuta wa kukwea na barafu ya kuteleza. Wanaopenda meli za zamani wanajibu kwamba mtoto mwenye bwawa, aiskrimu na watoto wenzake hana haja ya kitu kingine. Nimewasikiliza wote na naona wanagombania vifaa vya michezo, ilhali tofauti kubwa haiko kwenye vifaa. Meli kubwa huitawanya familia, meli ndogo huikutanisha. Kutawanyika kunaweza kuwa raha na kukutana kunaweza kuwa kero, inategemea ni nani mmeongozana naye.

Chukua siku ya pili ya safari. Kwenye jitu la sitaha 20, baba yuko mbele kwenye mazoezi, mama yuko nyuma kwenye bwawa la watu wazima, watoto wawili wako kwenye vilabu viwili tofauti vya rika, na bibi anatafuta lifti ya kumrudisha chumbani. Kuonana ni mpaka watumiane ujumbe kwa simu, kupitia programu ya meli, kama watu wa miji miwili. Wote wamefurahi, ila kila mmoja kivyake. Kwenye meli ya miaka ya 1990 mna ukumbi mmoja wa katikati, bwawa moja au mawili, bufee moja, jumba moja la maonyesho. Wahenga waliosema "enda tezi na omo, marejeo ni ngamani" walikuwa na jahazi akilini, lakini ndivyo meli hizi zilivyo: uzunguke upendavyo, baada ya robo saa utatokea palepale katikati, na hapo utamkuta mtu wako.

Kwa mtoto wa miaka saba hadi kumi hili lina thamani ambayo haiandikwi kwenye tangazo lolote. Mpwa wangu wa miaka minane alichukua siku mbili kuijua meli nzima. Siku ya tatu alitumwa peke yake kumwita babu yake kutoka sitaha ya juu, akaenda, akarudi naye, akiwa amejaa majivuno. Mhudumu wa mezani alikuwa ameshajua jina lake na kwamba hali nyanya. Sijui mzazi gani angempa mtoto wa umri huo kazi hiyo kwenye meli ndefu ya mita 365.

Kuna na suala la meli inafika wapi. Oktoba 2019 meli Braemar, iliyojengwa mwaka 1993, ilipita kwenye mfereji wa Korintho huko Ugiriki. Upana wa meli ulikuwa mita 22.5, na mfereji mahali pake pembamba ni mita 24. Abiria waliokuwa kwenye roshani zao waliyaona majabali yakipita karibu kama ukuta wa jirani. Meli mpya za familia hazina ndoto ya kufanya hivyo. Lakini tusitie chumvi: meli ya tani 70,000 nayo ni kubwa mno kwa bandari nyingi. Venice, kwa mfano, tangu Agosti 2021 imefunga mfereji wa Giudecca kwa meli zinazozidi tani 25,000, kwa hiyo huko hata hawa "wadogo" wetu wamepigwa marufuku pamoja na majitu.

Faida iliyo wazi zaidi iko kwenye madaraja. Ili kufika bandari ya Tampa, Florida, meli hupita chini ya daraja la Sunshine Skyway, ambalo linaacha mita 55 hivi juu ya maji. Meli mpya kubwa hazipiti. Ndiyo maana Carnival Paradise ya mwaka 1998 imekuwa ikitegemewa huko muda wote huu, na pacha wake, Carnival Elation, imekuwa ikifanya kazi Jacksonville kwa sababu ya aina hiyohiyo. Meli ya zamani inaweza kuanzia safari karibu na watu ambao, wakitaka meli mpya, ingebidi kwanza wapande ndege. Kwa mtu mmoja hiyo ni tofauti ndogo. Kwa watu watano, tiketi tano za ndege za kwenda na kurudi pamoja na usiku mmoja wa hoteli zinaweza kumeza punguzo lote la nauli, au kuligeuza kuwa hasara.

Sasa twende chumbani, maana gharama ya uzee hulipwa hapo.

Chumba cha watu wanne kwenye meli hizi mchana huonekana kinatosha. Saa mbili usiku mhudumu anakuja na ufunguo wake, anafungua vitanda viwili vilivyofichwa ukutani au darini, anaegesha ngazi ndogo ya chuma, na chumba kinakwisha. Wa mwisho kulala anapita kiubavu. Mtoto wa juu akitaka kwenda msalani usiku, mguu wake wa kwanza unatua kwenye goti la mtu. Bafu lina pazia badala ya kioo, na meli ikiyumba kidogo pazia hilo hukugandama mgongoni kama jani lililolowa. Tundu la umeme ni moja, pale kwenye kioo, na mna simu nne za kuchaji. Ukileta ekstensheni kutoka nyumbani, kuna uwezekano mkubwa itazuiliwa getini kwa hofu ya moto. Roshani ni chache na bei zake zimepanda kwa sababu ya uchache huo. Na kuna ile harufu ya mabomba ambayo huja alasiri, ikakaa nusu saa, ikaondoka bila maelezo.

Hapa ndipo hoja ya watetezi wa meli ndogo inapochechemea zaidi. Wengi hudhani abiria wachache maana yake ni msongamano mdogo. Gawanya tani za ujazo kwa abiria, ukihesabu wawili kila chumba, si meli iliyojaa kabisa. Icon of the Seas inapata kama tani 44 kwa kila mtu. Carnival Paradise, yenye tani 70,000 na kidogo na abiria kama 2,100, inapata 33 au 34. Yaani kwa kipimo hiki kwenye meli ndogo umebanwa zaidi. Na safari za likizo za shule, ambapo vitanda vyote vya ukutani hufunguliwa, huzidisha hali hiyo: bwawa moja dogo, watoto mia tatu, na mstari wa aiskrimu usiokwisha.

Wenye watoto wachanga waangalie jambo jingine. Kanuni za usafi wa meli zinazotembelea bandari za Marekani haziruhusu mtoto wa nepi, hata nepi ya kuogelea, kuingia kwenye bwawa la kawaida. Meli mpya nyingi zimejengewa sehemu maalumu ya maji kwa wachanga. Za zamani mara nyingi hazina, na mtoto wa miaka miwili hawezi kueleweshwa kwa nini dada yake yuko majini na yeye hayuko.

Kuhusu kijana wa miaka 15 sina maneno mengi. Kwenye meli ndogo ukumbi wa vijana ni chumba kimoja chenye michezo ya video, na wakijitokeza wenzake watano atafurahi, wasipojitokeza atalala mpaka saa sita mchana kila siku. Huyo mpeleke kwenye jitu.

Mawimbi nayo hayaheshimu punguzo. Meli fupi hupanda na kushuka zaidi kwenye bahari ileile ambayo meli ndefu inaikata juu kwa juu. Mapezi yaliyo ubavuni chini ya maji huzuia meli kwenda mrama, lakini hayana msaada mkubwa omo, yaani sehemu ya mbele ya meli, inapoinuka na kuinama. Chumba cha katikati, sitaha za chini, ndicho kinachotulia kuliko vyote, na kwa bahati njema huwa pia miongoni mwa vya bei nafuu.

Swali ambalo wazazi huliuliza kwa sauti ya chini ni la usalama: je, chombo cha miaka 28 si hatari? Umri peke yake hausemi mengi. Costa Concordia iliyozama Januari 2012 na kuua watu 32 ilikuwa na miaka isiyozidi sita, na aliyeipeleka kwenye mwamba alikuwa binadamu. Carnival Splendor iliungua kwenye chumba cha mitambo Novemba 2010 ikiwa na miaka miwili tu. Carnival Triumph ya mwaka 1999 iliungua Februari 2013, ikapoteza umeme na vyoo, ikakokotwa siku kadhaa hadi Mobile, Alabama. Kilichoziunganisha hizi mbili za mwisho ni kwamba zilijengwa kabla ya kanuni ya kimataifa inayozitaka meli kubwa za abiria ambazo mkuku wake, yaani uti wa chini wa meli, uliwekwa kuanzia Julai 2010 ziwe na mifumo iliyogawanywa, ili sehemu moja ikiungua meli iweze bado kurudi bandarini kwa nguvu zake. Meli ya miaka ya 1990 haina wajibu huo. Hiyo ni tofauti ya kweli na sioni sababu ya kuificha.

Upande wa pili, zilizobaki zimepita chujio. Oktoba 2010 SOLAS, mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, ulikataza vifaa vinavyoshika moto kwenye ujenzi wa meli za abiria, na vyombo vingi vya zamani vikastaafu kwa sababu kuvikarabati kuligharimu kuliko thamani yake. Zinazosafiri leo hukaguliwa kila mwaka, na sehemu ya chini ya meli huchunguzwa angalau mara mbili kila miaka mitano. Kwa hiyo kumpandisha mtoto meli ya 1998 si uzembe. Ninachokiogopa huko zaidi ni kiyoyozi kufa katikati ya safari kuliko meli kuzama.

Tukija kwenye hesabu, nauli ya chini huvutia kwa sababu ndiyo namba iliyoandikwa kwa herufi kubwa. Ada za bandari na bahashishi haziangalii umri wa meli. Ikiwa bahashishi ni dola 16 kwa mtu kwa siku, familia ya watu wanne kwa siku saba italipa dola 448, hata kama wawili kati yao wanalala ukutani na mmoja wao ana miaka minne. Kadiri nauli inavyoshuka, ndivyo sehemu hii isiyoshuka inavyokuwa kubwa kwenye jumla, na punguzo la nusu bei kwenye tangazo linaishia kuwa robo, pengine chini ya hapo, unapofika kwenye ukurasa wa malipo. Hata hivyo meli mpya ina mbinu zake: migahawa ya kulipia, michezo ya kulipia, duka kila kona. Kwenye meli ya zamani huna pa kuzitumia hizo pesa, na wazazi wachache huihesabu hiyo kama faida.

Tena uzee si lazima uwe unyonge. Disney Magic ya mwaka 1998 na Disney Wonder ya 1999 ni za umri huohuo, za tani 84,000 hivi, na vyumba vyake vingi vilijengwa na bafu lililogawanywa mara mbili, sinki na choo upande mmoja, sinki na kuoga upande mwingine, kwa sababu aliyevichora alifikiria familia. Nauli zake si za bei ya kuukuu hata kidogo.

Mimi, nikiwa na watoto wa miaka mitano hadi kumi na moja na wazee wawili, nachagua meli ya zamani ya usiku nne au tano, ikiondokea bandari ninayoweza kuifikia kwa gari. Nachukua vyumba viwili vya ndani vinavyotazamana badala ya kimoja cha vitanda vya ukutani, maana mara nyingi bei haitofautiani sana na bafu linakuwa mawili. Nikiwa na vijana, au safari ikiwa ya usiku saba na siku nyingi za baharini tupu, nachagua mpya na kukubali kwamba tutaonana jioni.

Kabla ya kulipa natazama mwaka meli ilipoingia chelezoni kwa matengenezo mara ya mwisho, na kama ni vyumba vilivyoguswa au baa tu. Halafu nafungua ramani ya sitaha nione kilichopo juu ya chumba changu. Vyumba vilivyo chini ya bwawa huonekana vizuri sana kwenye picha, mpaka saa kumi na moja alfajiri wafanyakazi waanze kuburuta viti.