Nani amzae mhusika: mtambaji au mchezaji?

Kila kikundi kinachoanza mchezo wa kuigiza wa kujibunia wenyewe hukwama pahala pamoja. Mtambaji amekaa miezi miwili akikiumba kisiwa chake: amechora ramani, amepanga nani anatawala na nani anatoza ushuru bandarini. Wachezaji nao, kila mmoja kwao, wameshamwota mtu wanayetaka kuwa. Usiku wa kwanza watu wanakutana, na yule aliyeotwa hana pa kukaa kwenye kisiwa kilichochorwa. Nani ampishe mwenzake?

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: mtu mmoja anautamba ulimwengu na wote waliomo ndani yake, na wengine wanne au watano kila mmoja anamshika mhusika wake, anamsemea, anamwamulia. Jambo likiwa na shaka, dadu inaamua. Wa kwanza wa aina hii kuuzwa madukani, Dungeons & Dragons, ulitoka Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Una mazimwi na mahandaki yake, lakini kanuni zake zinahamishika: unaweza kuyaacha mazimwi ukabaki na dadu. Sisi hapa Unguja ndivyo tulivyofanya. Tunacheza Jumamosi baada ya Isha, ukumbini, juu ya mkeka, na bandari yetu ya kubuni inaitwa Ras Kungu. Mtambaji ni mimi, kwa hiyo msomaji ajue mapema nilianzia upande gani.

Hoja ya mtambaji ina uzito kuliko wachezaji wanavyokubali. Chukua upepo. Ras Kungu nimeiachia pepo zetu kama zilivyo: kaskazi ikivuma, kama Disemba hadi Machi, majahazi huja kutoka Arabuni na Bara Hindi; kusi ikishika ndipo yanapopata kurudi. Kwa kanuni hiyo moja tu, hakuna mtu anayeweza kuja mkekani na "mfanyabiashara kutoka Surat" basi. Atakuwa mfanyabiashara aliyefika kwa kaskazi, akakawia, kusi ikaja ikapita bila yeye kupata chombo, na sasa ana miezi mbele yake katika mji asio na ndugu. Analala kwa nani? Anakula kwa deni la nani? Mchezaji wetu mmoja, mwalimu wa hesabu, alipoulizwa hivyo alifikiri kidogo akasema: "Nimepanga kwa mjane mmoja anayepika mikate ya kumimina. Nadaiwa kodi ya miezi mitatu, na mwanawe wa kiume hanipendi." Dadu haijaguswa, na mtu yule alikuwa ameshapata mwenye nyumba, deni na hasimu. Angeandika nyumbani kwake peke yake, asingempata yule mjane, kwa sababu mjane alizaliwa na upepo, na upepo ulikuwa wangu.

Niliiamini hoja hiyo mpaka ikanipotezea mchezaji.

Kijana mmoja wa Wete, anayefanya kazi mjini, alikuja na karatasi nne zilizoandikwa kwa mkono, mbele na nyuma. Mhusika wake alikuwa mpiga upanga wa mashariki ya mbali, mtu wa zile katuni za Kijapani anazotazama kwenye simu. Nilizisoma nikamrudishia. Nikamwambia Ras Kungu kuna hamali, mkwezi, baharia, mwanachuoni, dalali, achague. Akachagua mkwezi. Jumamosi tatu alipanda minazi yake kimya, akiulizwa anafanya nini anajibu kwa neno moja. Ya nne hakuja. Nilipomfuata kumuuliza, hakunikasirikia. Alisema: "Kaka, yule mkwezi ni wako. Mie simjui."

Maneno hayo nimeyafikiria sana. Mtambaji ana watu elfu wa kuwaendesha. Mchezaji ana mmoja tu. Ukimpokonya huyo mmoja umemfanya msikilizaji, na kama ni kusikiliza, Paukwa Pakawa ipo tangu zamani na haihitaji karatasi wala dadu. Tena hata kihistoria nilikosea. Vipande vya bakuli za Kichina vimefukuliwa kwenye magofu ya mwambao huu, na merikebu za Zheng He zilifika pwani ya Afrika Mashariki katika karne ya 15. Watu wa mbali ndio kawaida ya pwani hii. Nilichotakiwa kuuliza si kama mtu wa mashariki ya mbali anaruhusiwa. Nilitakiwa kuuliza amefikaje, na kufika kumemgharimu nini.

Kijana alirudi. Mpiga upanga wake alitupwa ufukweni na merikebu iliyovunjika mwambani, na upanga ameuweka rehani kwa dalali wa forodhani ili apate kula. Kila akipita pale anauona umetundikwa. Sikuandika mimi hilo la rehani, alilileta mwenyewe mara tu alipojua ana pa kusimama.

Jambo hilohilo liliibuka kwa dada mmoja wa Kikwajuni aliyetaka kuwa nahodha. Mmoja wetu alipinga: mambo ya kale yalikuwa na taratibu zake, mwanamke hakuwa nahodha wa jahazi, na tukilegeza hapo Ras Kungu itakuwa mji wa popote. Siidharau hoja hiyo, kwani ulimwengu usiokataa kitu hauna ladha. Lakini visiwa hivi vyenyewe vimewatoa watu ambao mtambaji mwenye kanuni kali angewakatalia mlangoni. Mwishoni mwa karne ya 17 Unguja ilikuwa na malkia, Fatuma, aliyewaunga mkono Wareno dhidi ya Waomani. Salma binti Said, mtoto wa Sultani, alijifundisha kuandika kwa siri. Na Siti binti Saad wa Fumba, aliyekuwa akiuza vyungu, mwaka 1928 alikwenda Bombay kurikodiwa nyimbo zake za taarabu. Hebu mchezaji akuletee karatasi imeandikwa "muuza vyungu wa shamba, sauti yake itavuka bahari", uone utakavyomwambia apunguze. Nahodha tulimpitisha, kwa sharti moja: mji umshangae. Wapo mabaharia wasiokubali kupanda chombo chake, na wapo wanaopanda kwa sababu hakuna mwengine anayethubutu kutoka wakati wa msimu mbaya. Dada mwenyewe ndiye aliyetaka hivyo. Alisema nahodha asiyepingwa na mtu hana kazi ya kufanya.

Sasa nije kwenye lililotusumbua zaidi. Bandari ya karafuu iliyofanana na ya karne ya 19 ni bandari ya watumwa. Mashamba ya Unguja na Pemba yalipandwa na kuchumwa kwa mikono yao. Soko la watumwa la mjini lilifungwa mwaka 1873 kwa mkataba aliotia saini Sayyid Barghash chini ya shinikizo la Waingereza, na utumwa wenyewe haukufutwa kisheria hadi 1897. Kuutaja mji kama huo, na nyumba zake nzuri na milango yake ya nakshi, bila kuwataja waliobeba mawe, ni uongo. Huo ni upande mmoja, na mie ni wa upande huo.

Upande wa pili niliujua usiku ambao mchezaji mmoja alisema mhusika wake atakuwa mjakazi katika nyumba ya tajiri. Mwenzetu mwenye umri kutuzidi sote aliweka kalamu chini. "Hili mie silichezi," akasema. "Bibi yangu alikuwa hataki hata neno lenyewe litajwe ndani ya nyumba." Hakuna aliyejibu. Kahawa ilipoa. Waliokaa kwenye mkeka ule ni wajukuu wa waliouzwa na wajukuu wa waliouza, na wengine damu zote mbili zimo ndani ya mtu mmoja. Mchezo ni starehe, na starehe ina haki ya kutomfungulia mtu kidonda alichokuja kukisahau kwa saa tatu.

Hatukulimaliza usiku ule. Tulichofikia baadaye ni hiki, na nakisimamia: utumwa upo Ras Kungu, lakini hakuna dadu wala mtambaji anayemvisha mtu hali hiyo. Kuna michezo inayompa mtu asili yake kwa kurusha dadu kwenye jedwali. Jedwali letu halina mstari huo. Anayetaka kuubeba ataubeba kwa hiari yake, na wote mkekani wakiridhia. Na mmiliki wa watu hachezwi na mchezaji hata siku moja. Huyo ni wa mtambaji, na mtambaji hamtambi kwa kumfurahia. Yule mchezaji alimbadili mhusika wake, si kwa kulazimishwa. Akawa mwanamke aliyekwisha kujikomboa, anayechambua karafuu kwa ujira. Anakaa juu ya jamvi, anashika kishada kwa mkono huu na kukisukuma kwenye kiganja cha mkono wa pili, vikonyo vinakatika, karafuu huku, makonyo kule, viganja vimekuwa vyeusi na harufu haitoki hata kwa ndimu. Anazijua pishi zake bila kupima. Akija karani kumpunja, anatambua kabla kipimo hakijajaa. Mzee wetu alisikiliza haya, na wiki iliyofuata mhusika wake akahamia nyumba ya pili kutoka kwake.

Kuhusu namba nitakuwa mfupi, maana watu huzigombania kuliko zinavyostahili. Kanuni za mwanzo zilimtaka mtu arushe dadu tatu kwa kila sifa: nguvu, wepesi, ustahimilivu, akili, busara, mvuto. Dadu tatu zina matokeo 216, na 18 hupatikana kwa njia moja tu kati ya hizo. Wastani ni 10.5. Wanaopenda hivi husema ndiyo majaaliwa, mtu hachagui umbo lake. Wengine hupendelea kugawa namba zilizopangwa, 15, 14, 13, 12, 10 na 8, ili asitokee mmoja shujaa na mwengine dhaifu kwa mwaka mzima. Mie nagawa. Tena zipo nyumba hapa kwetu zisizotaka dadu hata bila dau, kwa hadithi ya Mtume inayokemea nardi, mchezo wa dadu wa kale, na heshima ya mwenye nyumba ni bora kuliko ladha yangu. Kugawa namba angalau kunaiondoa dadu wakati wa kuumba mhusika. Tumeongeza letu moja: ile 8 huipangi mwenyewe. Jirani yako mkekani ndiye anayekupangia, kwa kuwa mtu kisogo chake hakioni. Mpiga upanga alipewa 8 ya busara na mwalimu wa hesabu, na tangu hapo hajaacha kuitumia.

Kwa hiyo nikiulizwa leo, mtambaji aandike upepo, bandari na bei ya vitu, kisha mhusika azaliwe palepale mkekani mbele ya wote, na anachokitaka moyoni mwake kibaki cha mchezaji, asikiguse mtu. Karatasi nne zinazoletwa kutoka nyumbani nazisoma zote siku hizi. Kisha namuuliza mwenyewe mambo matatu: umekuja na upepo gani, unadaiwa na nani, nani anakungoja.

Hilo la mwisho limetusaidia pale nisipotarajia. Nahodha alizama mwezi wa Mfunguo Sita, jahazi limejaa boriti, dadu imemkataa mara mbili mfululizo. Dada wa Kikwajuni aliishika karatasi yake bila kusema neno, na mie nikawa natafuta namna ya kumwambia aumbe mtu mpya. Usiku wa kwanza, kwenye swali la nani anakungoja, alikuwa amejibu kwamba ni mdogo wake wa kiume, miaka 13, anaogopa bahari. Akaigeuza karatasi, akaandika jina la yule mtoto upande wa nyuma, akaniuliza: "Msimu mmoja umeshapita. Sasa ana mingapi?"

Nikamwambia kumi na nne.