Mimi Siamki, Naamshwa

Asubuhi ya leo kwenye daladala, redio ya dereva ilikuwa na mtaalamu wa usingizi. Sauti nyororo, unaisikia kabisa kuwa ni ya mtu aliyelala. Anasema mtu mzima anatakiwa alale saa saba hadi tisa. Kondakta akadakia, "Saa saba mpaka saa tisa? Mbona ndiyo ratiba yangu!" Halafu chumba kiwe na giza, kimya na ubaridi. Ubaridi! Dar es Salaam, Februari! Nikawatazama abiria wenzangu nicheke nao, nusu yao wamesinzia midomo wazi.

Akataja vinavyoamsha watu. Kahawa ya jioni. Pombe, kwamba inakulaza haraka halafu usiku wa manane inakukurupua. Mawazo. Kibofu. Mbu hakumtaja, na mbu mwenyewe ni jike, dume hana shida na damu yako. Anafuata pumzi unayotoa, ndiyo maana makazi yake ni sikioni. Ukiacha kupumua utalala vizuri tu. Jogoo wa nyumba ya pili, anayewika saa nane, simzungumzii. Huyo ana siku zake.

Ila kibofu tukiongee. Nyumba yetu ina vyumba vinane na choo kimoja, uani. Usiku wa kuamkia leo nimebana mpaka basi. Nikajifunga taulo, nikatoka kwa hadhi yangu yote, baba wa familia, mwenye kitambulisho cha mpiga kura. Kumbe maji yametoka. Maji ya mtaa huu yana aibu, mchana huyaoni. Na mama mwenye nyumba kakalia kigoda mbele ya mlango wa choo, anakinga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Afadhali umejileta, maana mchana sikuoni."

Nikajua nimekwisha.

"Naomba nipite kidogo, mama."

"Utapita, kwani choo kinahama? Kodi vipi? Mwezi wa pili huu."

Kuna watu wanaweza kujadili fedha huku wamepishanisha miguu. Mimi siwezi. Nikaahidi Ijumaa. Akauliza Ijumaa ipi. Halafu, hivi hivi namwona, akaongeza bomba! Ndoo tupu, maji yanamwagika shaaa, nawe umebana. Nikashuka mpaka Alhamisi. Akanyamaza, bomba likaendelea kumsemea. Nikasema basi mama, kesho, kesho asubuhi, hata kwa kukopa! Ndipo akanyanyuka, taratibu, mkono kiunoni, akaanza kunisimulia habari za goti lake tangu mvua za mwaka jana.

Nimerudi kitandani, feni kimya. Si kwamba umeme umekatika, uniti zimeisha. Na hapa ndipo naonewa. Kila chumba kinachanga sawasawa, mimi nina balbu moja na feni, jirani wa chumba cha mbele ana pasi, jagi la kuchemshia maji na friji ya barafu za kuuza. Ukimuuliza, anakwambia, "Jirani, umeme haupimwi kwa macho." Haupimwi kwa macho! Sasa ile mita tumeiweka ukutani ya nini, urembo? Na saa kumi na moja alfajiri, ndiyo kwanza kope zimegusana, nani anagonga mlango? Yeye. Barafu zake zimeyeyuka, anataka kujua ni nani hakuchanga.