Ukitaka kuijua graniti, anza na strontiamu

Wengi wakitaka kujua graniti imechujuka kiasi gani, yaani uji wake (mwamba ulioyeyuka) uliachana na fuwele kiasi gani ulipokuwa ukiganda, hukimbilia rubidiamu. Nadhani wanaanza pasipofaa. Chukua uji wenye rubidiamu gramu 200 kwa tani na strontiamu 150, fuwele zikitengwa kadiri zinavyoota. Weka kigawanyo (ukolezi ndani ya fuwele ukigawanywa kwa ukolezi ndani ya uji) cha 0.5 kwa rubidiamu, ambayo fuwele nyingi hazina nafasi nayo, na 4 kwa strontiamu, inayoingia kwenye plajioklesi, feldispa ya sodiamu na kalsiamu. Nusu ya uji ikiganda, rubidiamu imefika 283 tu; strontiamu imeporomoka hadi 19. Bariamu nayo ikiporomoka, ujue feldispa ya potasi au ulanga mweusi umetengwa pia.

Lakini sampuli moja haitoshi. Ulanga mweupe ukiyeyuka bila maji ya nje, uji huzaliwa na rubidiamu nyingi na strontiamu kidogo kabla fuwele hata moja haijaota. Chukua sampuli kadhaa za mwamba uleule, uone mwelekeo.

Zirkoniamu usiipigie hesabu hiyo kabisa. Inatawaliwa na punje ndogo za zirkoni, madini yenye zirkoniamu, na uji ukishiba haupokei zaidi: graniti yenye alumini nyingi hushiba kwenye gramu 100 hivi kwa tani ikiwa nyuzi 750 za Selsiasi, na karibu 300 kwenye nyuzi 850. Hicho ni kipimajoto kizuri, mradi mwamba haukubeba zirkoni kuukuu ambazo hazikuyeyuka kule chini. Zikiwemo, joto litasomeka juu kuliko lilivyokuwa. Thoriamu na lanthanidi nyepesi (metali kama lanthanamu na seriamu) zina mtawala wa namna hiyo, madini ya monazaiti.

Hesabu nzuri haiokoi maabara mbaya. Asidi ya haidrofloriki kwenye chombo cha wazi huacha zirkoni chini, na zirkoniamu, hafniamu na lanthanidi nzito zinasomeka pungufu. Yeyusha unga wa mwamba kwa lithiamu metaborati. Ila kwa graniti za bati za ukanda wa Karagwe-Ankole, kuanzia Kyerwa, Tanzania, hadi Gatumba, Rwanda, lithiamu yenyewe ndiyo inayotafutwa, na metaborati ingeiongeza; kasiteriti, madini ya bati, nayo hukaidi asidi. Hapo tumia sodiamu peroksaidi, na uulize kalibu (chombo cha kuyeyushia) imetengenezwa kwa metali gani: nyingi ni za zirkoniamu, kwa hiyo namba ya zirkoniamu kutoka humo itupe, uipime upya kwa sampuli nyingine iliyoyeyushwa kwa metaborati.