Mwizi akamatwe, lakini asiuliwe

Kila nikiongea na watu wa nyumbani Tanzania kuhusu wezi kuuliwa mtaani naambiwa we uko Marekani, huko ukipiga simu polisi wanakuja, huwezi kuelewa. Naelewa sana. Naijua ile ya kufika kituoni unaambiwa gari halina mafuta, na ile ya kumpeleka mtu polisi jumatatu alafu jumatano unapishana nae mtaani keshapata dhamana anakukazia macho. Hasira ya mtu aliyeibiwa mara ya tatu siibezi hata kidogo.

Ila hata huku haya mambo yapo. Mi naishi Missouri, na kwenye jimbo hilihili kuna kamji kanaitwa Skidmore, enzi hizo watu mia nne na kitu. Kulikuwa na jamaa anaitwa Ken McElroy, tuhuma za kuiba mifugo, kutishia mashahidi, kesi kibao na zote anachomoka, mpaka akampiga risasi mzee mwenye duka. Hiyo ndo mahakama ikamkuta na hatia, lakini akawa nje kwa dhamana anasubiri rufaa. Tarehe 10 Julai 1981 wanakijiji wakafanya kikao, wakatoka wakamzunguka akiwa kwenye pikapu yake na mke wake pembeni, akamiminiwa risasi akafa, mchana kweupe, watu zaidi ya 30 wapo pale. Ukimtoa mke wake hakuna aliyekubali kumtaja muuaji, na hakuna aliyefungwa.

Wengi nikiwasimulia wanasema safi sana. Sawa, yule alikuwa anajulikana na mahakama ilishasema ana hatia. Sasa nyumbani inakuwaje? Nimeona kwa macho yangu mtu anashuka kwenye daladala, anaweka begi chini, anaokota jiwe anarusha, ndo anamuuliza wa pembeni "kaiba nini?" Yaani alishapiga! Ile kelele ya mwizi mwizi haidai ushahidi, mtu unayemdai hela akiamua kuipiga kwenye kundi la watu umekwisha.

Alafu watu wanasema kwenye jamii ndogo wote tunajuana so hatuwezi kukosea, mi naona hapo ndo pabaya zaidi maana kujuana ni pamoja na ugomvi wa mipaka ya shamba, urithi, wivu. Sungusungu walianza miaka ya 80 mwanzoni huko Usukumani na Unyamwezini sababu ya wizi wa ng'ombe na ujambazi, walisaidia kweli, mpaka 1989 sheria ikawatambua. Lakini sehemu nyingine wakageukia na waliodhaniwa wachawi, na Usukumani hukohuko mabibi wameuliwa kwa kuwa na macho mekundu, macho ya moshi wa jikoni jamani.

Kwa hiyo mimi ulinzi wa zamu usiku naunga mkono, filimbi, kumkamata, hata kumfunga kamba apelekwe kwa mwenyekiti wa mtaa. Kumpiga na kumchoma hapana, hata kama kakutwa na TV mkononi. Na kama kuna kitu cha kuiga huku ni hiki, aliyetendewa kosa anaweza kujiandikisha akajulishwa mtuhumiwa anapoachiwa. Nyumbani kila mtu ana simu, polisi wanashindwaje kutuma meseji moja kwamba huyu kapewa dhamana, kesi yake inatajwa siku fulani, njoo utoe ushahidi? Hilo ndo la kumbana mbunge wenu, pamoja na mafuta ya hilo gari.