Wanaume Watatu Nyuma ya Gladys Knight

Mwaka 1966 Gladys Knight, mwimbaji wa Marekani, alipiga kura na ndugu zake wa kundini akashindwa, tatu kwa moja. Hoja ilikuwa waende Motown, kampuni ya santuri ya Detroit, au wasiende. Yeye hakutaka. Aliona kule Detroit wenyeji wameshakaa viti vya mbele, na wao waliotoka Atlanta watapewa nyimbo zilizobaki. Kaka yake Merald, ambaye kila mtu anamwita Bubba, na binamu zake William Guest na Edward Patten wakasema twende. Wakaenda. Sauti ilikuwa yake, na jina lake ndilo lililotangulia kwenye santuri, ila kura yake ilikuwa moja, sawa na ya mwenzake.

Naanzia hapo makusudi. Huku kwetu Tanzania mwanamke akidumu kwenye muziki watu wana maelezo mawili tu: ama ana kipaji, ama kuna mtu anambeba. Gladys Knight, mzaliwa wa Atlanta, Georgia, Mei 28, 1944, anayavuruga yote mawili. Kipaji anacho, nani atabisha? Lakini wenye sauti nzito na tamu walijaa makanisa ya Wamarekani weusi enzi hizo, na wengi wao hawakuvuka mtaa waliozaliwa. Ninachoamini mimi ni kwamba amepita miaka 60 jukwaani kwa sababu alikuwa na watu wa kumwitikia, na watu hao walikuwa na kauli.

Kundi lenyewe lilianzia sebuleni. Mwaka 1952 Bubba alikuwa anatimiza miaka 10, gramafoni ikagoma sherehe ikiwa imenoga, watoto wakaanza kuimba wenyewe: Gladys, Bubba, dada yao Brenda, na binamu zao William na Eleanor. Binamu mwingine, James Woods, alikuwa na jina la utani la Pip, na ndipo lilipotoka jina la The Pips. Mwaka huohuo Gladys, mtoto wa shule ya msingi, alishinda shindano la vipaji la Ted Mack kwenye televisheni. Angekuwa mtoto wa leo, wajomba wangeshamfungulia chaneli yake na wale wengine wangeambiwa wakae pembeni wasimharibie.

Brenda na Eleanor walitoka kundini mwaka 1959, wakaolewa. Mtu aliyewahi kuimba kwaya ya vijana anaijua hali hiyo; kila msimu wa harusi ukipita, soprano inapungua. Gladys naye aliolewa akiwa na miaka 16, akazaa, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 akakaa nje kwa muda kulea. (Binti yake anaitwa Kenya, amezaliwa mwaka 1963. Majirani zetu wa ng'ambo ya mpaka wa Holili wana haki ya kutamba.) Wale wanaume waliendelea na kazi bila yeye, na aliporudi nafasi yake ya mbele alikuta inamsubiri. Nitajie makundi mangapi ya hapa kwetu ambayo mwimbaji wa kike ameenda kujifungua, akarudi, akakuta maikrofoni yake haijapewa mwingine.

Sasa watazame wakiwa kazini. Picha za tamasha la Harlem la mwaka 1969, zilizotokea kwenye filamu ya Summer of Soul, zinapatikana kirahisi siku hizi. Wale watatu wanapiga hatua, wanageuka, wanarusha mikono kwa pamoja, na kila mmoja anajua mwenzake yuko wapi bila kumtazama. Hatua hizo walifundishwa na Cholly Atkins, mcheza densi wa zamani aliyewanoa wasanii wengi wa kizazi kile. Gladys hana haja ya kuhangaika. Anaimba mstari, wao wanaudaka, wanaurudisha, naye anapata nafasi ya kuvuta pumzi na kufikiri mstari unaofuata atautoaje.

Mimi naimba besi kwenye kwaya ya usharika hapa Moshi, kwa hiyo nina upendeleo wangu kwenye jambo hili na sioni haya. Jioni ya mazoezi mwalimu wa kwaya anagonga benchi kwa kalamu, wimbo unasimama. "Besi, mnamkimbiza. Subirini avute pumzi ndipo muingie." Tunarudia. Tunarudia tena. Ghafla sauti nne zinakaa mahali pake, yule dada anayeongoza anafungua koo kwa namna ambayo dakika tano nyuma hakuweza, kwa sababu sasa ana pa kukanyaga. Jumapili ibada ikiisha, akina mama wanamshika mkono yeye. Besi tunakusanya spika.

Na hawa walikuwa wanaume, katika miaka ya 1960, mmoja wao kaka mkubwa. Mwambie kaka mkubwa wa ukoo wowote wa huku mlimani asimame hatua mbili nyuma ya mdogo wake wa kike, jina la mdogo liandikwe kwa herufi kubwa na la kwake lisiandikwe kabisa, uone kikao cha ukoo kitaitishwa saa ngapi. Bubba na binamu zake walifanya hivyo kwa zaidi ya miaka 30. Hawakufanya kwa unyonge, maana ile kura ya 1966 inaonyesha nani alikuwa anaweza kumshinda nani mezani. Mbele alikaa mwenye sauti, na kwenye maamuzi walikaa wote.

Kuhusu Motown, kila upande ulikuwa na haki yake. Mwaka 1967 walitoa I Heard It Through the Grapevine, ikawa namba moja kwenye chati ya R&B na namba mbili kwenye chati kuu ya Marekani. Waliosema twende walicheka. Mwaka uliofuata kampuni ikatoa wimbo huohuo kwa sauti ya Marvin Gaye, ambaye alikuwa ameurekodi kabla yao ukabaki kabatini, na huo ukakaa namba moja kwa wiki saba. Ukiingia baa yoyote hapa mjini ukamwambia DJ akupigie Grapevine, atakupigia wa Marvin. Hofu ya Gladys haikuwa ya bure. Mwanzoni mwa 1973 Neither One of Us ikafika namba mbili, na mwaka huo huo wakahamia kampuni ya Buddah.

Hapo Buddah ndipo likaja treni. Midnight Train to Georgia ni wimbo wa Jim Weatherly, na safari yake yenyewe ni ya kuchekesha: mwanzoni ilikuwa ndege ya kwenda Houston, kutokana na maneno aliyoyasikia kwa Farrah Fawcett kwenye simu. Alipoimba Cissy Houston, mama yake Whitney, ndege ikageuzwa treni na Houston ikawa Georgia. Ukafika kwa Gladys, mtu wa Georgia, ukakuta mwenyewe. Oktoba 1973 ulikuwa namba moja Marekani.

Wimbo unamhusu mwanaume aliyekwenda Los Angeles kutafuta umaarufu, mambo yakamshinda, akauza alichonacho, anarudi kwao. Mwanamke anaamua kupanda treni naye. Kila nikiusikia nawaza Desemba ya Moshi. Wasomaji wa mbali mjue: kuanzia katikati ya Desemba mabasi ya kutoka Dar yanajaa, nauli inazungumzwa kwa hasira, magari yenye vumbi la Chalinze yanapanda Marangu, Machame, Kibosho na Rombo, na Watanzania wengine wanatutania kwamba tunakwenda kuhesabiwa. Tangu 2019 hata treni imerudi, baada ya miaka zaidi ya 20 ya stesheni kulala. Lakini Desemba yetu ni ya waliofanikiwa. Ng'ombe anachinjwa, mbege inachemshwa, gari linapaki mahali litakapoonekana na wanaokwenda kanisani. Yule ambaye Dar ilimshinda harudi Desemba. Anarudi Machi, usiku, na begi moja, na mama yake anawaambia majirani kwamba amekuja kupumzika. Kwa hiyo wimbo unaompa mtu huyo heshima, tena kwa mdomo wa mwanamke ambaye angeweza kubaki mjini na maisha yake, kwangu una uzito ambao sidhani kama Weatherly aliufikiria alipokuwa anaandika.

Jambo kubwa la kusikiliza humo ni kina Pips. Wao ndio treni. Kuna mahali wanapiga honi kwa sauti zao, na kuna mahali wanamjibu Gladys kama majirani waliokuwa wanaifuatilia habari hii siku nyingi, wengine wanakubali, wengine wanachokoza. Ukiwatoa, unabaki na mwanamke anayeeleza shida zake chumbani. Ukiwarudisha, kijiji kizima kinashuhudia. Machi 1974 walipata Grammy mbili usiku mmoja, moja kwa wimbo huu na nyingine kwa Neither One of Us, na zote zilikuwa za kundi.

Miaka michache baadaye kesi za mikataba ziliwazuia kurekodi pamoja. Kuanzia mwaka 1977 hadi 1980 Gladys alirekodi peke yake na Pips wakarekodi peke yao, na ukweli ni kwamba kazi hizo hazikwenda mbali, za kwake wala za kwao. Wangeweza kuachana hapo bila lawama. Sababu wanayo na barua za mawakili wanazo. Waliendelea kupanda jukwaani pamoja, kesi zilipoisha wakarudi studio, na Love Overboard ya 1987 ikawaletea Grammy nyingine. Waliagana mwaka 1989, yeye akiwa na miaka 45. Mwaka huohuo akaimba Licence to Kill ya filamu ya James Bond, ambayo Uingereza iliingia kumi bora. That's What Friends Are For, aliyoimba na Dionne Warwick, Stevie Wonder na Elton John kuchangia utafiti wa UKIMWI, ilikuwa imeshapita, namba moja mwanzoni mwa 1986. Huo mnaufahamu hata msiojua jina lake. Mahafali hayakuisha bila huo.

Kinachonifurahisha zaidi ni alichokifanya baadaye. Mwaka 1997 alijiunga na Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, akaunda kwaya, Saints Unified Voices, na mwaka 2006 kwaya hiyo ikapata Grammy. Mtu mwenye jina kama lake angeweza kukaa Las Vegas na biti iliyorekodiwa akala pensheni. Yeye alipokosa wanaume watatu alikwenda kutafuta kwaya nzima.

Haya, turudi huku. Msimu wa harusi hapa Moshi na Arusha mwimbaji wa kike anaitwa ukumbini, anakuja na flashi. DJ anaichomeka, wimbo unaanza pamoja na sauti yake ileile ya studio, yeye anaimba juu yake au anachezesha mdomo, watu wanatuza, dakika kumi kwisha. Simlaumu. Amelipwa ya bajaji na vocha, atamleta mpiga gitaa kwa fedha ya nani? Wa kulaumiwa ni sisi tunaokaa kwenye kamati. Tunapitisha bajeti ya maua na taa bila kubishana, tunapitisha keki ya ghorofa, tukifika kwenye burudani mtu anasema "tutafute mwenye flashi." Nimekaa kwenye vikao hivyo, nimesikia. Halafu baada ya miaka mitatu tunauliza yule dada amepotelea wapi, tunasema amefulia.

Wenzetu wa taarab walilijua hili siku nyingi. Nyuma ya kina Khadija Kopa siku zote kuna waitikiaji, na Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, aliimba hadi uzeeni mbele ya watu wanaopiga vyombo kwa mikono. Lady Jaydee alipounda Machozi Band, wapo waliosema anajitafutia gharama. Nadhani ni gharama hiyohiyo iliyomfanya awe bado anaitwa jukwaani wakati wengi alioanza nao tunawakumbuka kwa wimbo mmoja mmoja.

Kwa anayetaka kumsikiliza Gladys kwa mara ya kwanza, aache Midnight Train kwa baadaye. Aanze na The Way We Were ya 1975, ile iliyorekodiwa jukwaani ikaunganishwa na Try to Remember. Anaanza kwa kuzungumza tu, taratibu, kama mtu anayepiga soga na wageni wake kuhusu siku za zamani, na maongezi yanageuka wimbo bila wewe kujua umeanzia wapi. Sikiliza kwa spika nzuri, si kwa simu. Sauti za chini zinapotea kwenye simu, na sisi wa besi tumeshapotezwa vya kutosha.